Kombe Tupu Lina Mwenyewe

Ukiwa Kikoneni huioni bahari. Macho yanakutana na mikorosho na minazi, mashamba ya mahindi na mihogo, na upande wa magharibi vilima vya Jombo na Mrima. Kwa mvuvi wa Shimoni, huku ni bara.

Lakini bahari imepanda hadi huku zamani sana. Imo katika mawe ya kuchonga yanayoletwa kwa lori kutoka timbo za ukanda wa pwani, maana kila jiwe la namna hiyo ni tumbawe la kale, na ukiligeuza kwenye mwanga utaona alama za makombe yaliyonasa ndani yake. Imo katika chokaa iliyopakwa ukutani. Imo katika bao linalochezwa kivulini: kete za siku hizi mara nyingi ni komwe, mbegu za kichaka, lakini neno kete lenyewe lilikuwa jina la kombe dogo la baharini. Hata mipaka ya uchaguzi imekubali undugu huo. Wadi ya Pongwe/Kikoneni, mojawapo ya wadi nne za eneo bunge la Lunga Lunga, inashuka kutoka mashamba haya hadi Shimoni na kuvuka maji mpaka kisiwa cha Wasini.

Kombe, tumbawe, jiwe la timbo na chokaa ni kitu kimoja katika sura nne. Maabara hukiita kalsiamu kaboneti. Viumbe wadogo hukichota majini, chembe kwa chembe, wakajijengea nyumba. Wakifa, nyumba hubaki. Historia ya pwani hii ya kusini inaweza kusimuliwa kwa kufuata nyumba hizo zilivyookotwa, zilivyochomwa, zilivyouzwa na hatimaye zilivyonyonywa kwa mashine. Katika masimulizi hayo kuna kosa moja linalojirudia kila zama: kudhani kwamba kombe lisilo na mnyama ndani ni takataka.

Simbi ndizo zilizosafiri mbali zaidi. Simbi, au kauri, ni gamba la konokono wa baharini ambaye akiwa hai huitoa ngozi yake nje ikalifunika gamba lote. Ndiyo maana gamba hung'aa kana kwamba limepakwa mafuta. Aina inayohusika zaidi hapa ina mgongo wa kijivu uliozungushiwa mstari wa manjano mfano wa pete. Wataalamu huiita Monetaria annulus. Huishi kwenye maji mafupi, kati ya majani ya bahari na chini ya mawe, mahali ambapo bamvua likipwa mtu hufika kwa miguu bila chombo. Kwa hiyo kazi ya kuziokota haikuhitaji ngalawa wala nyavu. Ilihitaji mgongo wa kuinama, na migongo hiyo kwa kawaida ilikuwa ya wanawake na watoto. Simbi zilifukiwa mchangani au kurundikwa hadi nyama ioze, zikaoshwa, zikaanikwa, zikatiwa magunia.

Kwa karne nyingi simbi zilizotumika kama fedha Afrika Magharibi zilitoka visiwa vya Maldives, na hizo zilikuwa za aina nyingine, ndogo zaidi. Katikati ya miaka ya 1840 kampuni ya Hertz ya Hamburg iligundua kwamba simbi za mwambao wa Afrika Mashariki, japo kubwa na nzito, zingekubaliwa katika masoko ya upande wa pili wa bara. Kampuni ya O'Swald, ya Hamburg pia, ikafuata, na Wafaransa wa Marseille hawakukaa nyuma. Vyombo vidogo vilikusanya magunia kutoka vijiji vya mwambao hadi Unguja, na meli za Ulaya zikayazungusha kupitia Rasi ya Tumaini Jema hadi Lagos na Ouidah, ambako yalinunulia mafuta ya mawese.

Wanahistoria Jan Hogendorn na Marion Johnson, waliochapisha mwaka 1986 kitabu kuhusu fedha hiyo ya makombe, walipiga hesabu ya makampuni makubwa ya biashara hii kati ya 1851 na 1869. Walipata zaidi ya tani 35,000. Hizo ni simbi zinazokadiriwa kufika bilioni 14, na kila moja iliinuliwa na kidole cha mtu.

Soko lililomezeshwa mzigo wa namna hiyo lilivimbiwa. Thamani ya simbi Afrika Magharibi iliporomoka, watu wakalazimika kubeba magunia kununua walichokuwa wakinunua kwa vikapu, na kabla karne haijaisha biashara ikafa. Upande wa Maziwa Makuu simbi zilikuwa zimefika kwa misafara kutoka mwambao huu huu, na Uganda serikali ya kikoloni iliacha kuzipokea kama kodi mwanzoni mwa karne ya 20. Neno halikufa. Mganda akisema ensimbi leo, anasema pesa. Na Ghana ilipobuni sarafu yake mwaka 1965 iliiita sedi, kutokana na neno la Kiakan la simbi.

Je, bahari ilidhurika? Hakuna aliyekuwa akihesabu konokono waliobaki, kwa hiyo jibu linapaswa kutafutwa kwenye miamba yenyewe, na miamba inasema simbi ya pete ya manjano ingali miongoni mwa simbi zinazoonekana kwa wingi zaidi katika pwani ya Kenya. Tani 35,000 hazikuimaliza. Sababu si huruma ya wafanyabiashara. Konokono huyo huzaa kwa wingi, na vitoto vyake huelea na mkondo kabla ya kutua, hivyo mwamba uliookotwa leo hupokea wageni kutoka mwamba wa mbali. Tena bamvua huja mara mbili kwa mwezi na kukaa siku chache tu. Siku nyingine zote maji ndiyo mlinzi. La tatu, ambalo ndilo zito kuliko yote, ni kwamba mwokotaji alichukua gamba akaiacha sakafu. Jiwe lilibaki, majani yalibaki, mchanga ulibaki.

Chokaa ilikuwa na tabia tofauti.

Waswahili wa kale walijenga kwa jiwe na chokaa kuanzia Lamu hadi Kilwa, na pwani ya kusini ina mashahidi wake. Msikiti wa Kongo ungali umesimama kwenye mlango wa mto Mwachema, Diani, umezungukwa na mibuyu. Vumba Kuu, mji wa mababu wa Wavumba karibu na Vanga, umebaki magofu. Mafundi walikuwa na mawe ya aina mbili. La ukuta lilichimbwa nchi kavu, kwenye matumbawe ya kale yaliyoinuka juu ya maji. La mihrabu na miimo ya milango lilikatwa baharini likiwa bado hai: tumbawe laini, jepesi, linalochongeka maadamu bado lina unyevu, kisha likikauka huwa gumu. Kazi ya mikono iliyopita katika miimo hiyo inashangaza hata leo.

Ili mawe yashikane ilihitajika chokaa, na chokaa ni moto. Fundi alipanga magogo kwa mviringo, akarundika juu yake vipande vya matumbawe na makombe, akawasha. Joto la nyuzi 900 hivi huifukuza hewa ukaa kutoka kwenye jiwe na kuacha kitu cheupe chenye kiu. Kikinyunyiziwa maji huchemka, hupasuka na kuwa unga. Unga huo uliachwa ukae kwa miezi kabla ya kutumika. Kilichoumia zaidi hapo si tumbawe bali kuni. Tanuri moja la chokaa linakula miti mingi, na katika vijiji vya mwambao mti ulio karibu na tanuri ni mkoko.

Gazi, kwenye ghuba iliyo upande wa Diani wa mji wa Msambweni, iliuona ukweli huo kwa ukali katika miaka ya 1970. Wakati huo mikoko ya ghuba hiyo ilikatwa kwa wingi kuwa kuni za viwanda vya chokaa na vya matofali, na miti mingine ikaenda kwenye boriti za nyumba. Sehemu nyingine zilikatwa mpaka zikabaki wazi kabisa, tope likipigwa jua. Mkoko ukiondoka, mizizi iliyokuwa ikizuia tope huondoka nayo, na tope huenda kufunika majani ya bahari na matumbawe yaliyo mbele. Ndivyo ukuta mweupe wa nyumba ya mbali ulivyoweza kuuchafua mwamba ambao mwenye nyumba hajawahi kuuona.

Mwanasayansi James Kairo alianza majaribio ya kupanda mikoko Gazi mwaka 1991. Mwanzoni ilikuwa kazi ya kutafuta ni mche gani unashika wapi, kwa kuwa kila aina ya mkoko ina kimo chake cha maji. Miaka zaidi ya 20 baadaye, mwaka 2013, ukazaliwa mradi wa Mikoko Pamoja, ambamo wakazi wa Gazi na Makongeni hulinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ukaa inayofungwa humo. Fedha zimeingia kwenye maji na shule. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa, na baadaye Vanga, Jimbo na Kiwegu wakaanzisha wa kwao. Ghuba iliyotoa kuni za chokaa sasa inalipwa kwa kutochomwa. Mtu anayekumbuka tope tupu la zama zile ana haki ya kufurahi.

Chokaa ya kijijini ilishindwa na saruji, lakini saruji nayo hula mlo ule ule. Kiwanda cha Bamburi, kaskazini mwa Mombasa, kilianza uzalishaji mwaka 1954 kwa kusaga matumbawe ya kale, kikaacha mashimo meupe yasiyoota hata jani. Katika moja ya mashimo hayo René Haller alianza mwaka 1971 kupanda mivinje, akaleta majongoo wayasage majani yake yaliyodondoka, na udongo ukaanza kuundwa upya juu ya mwamba mtupu. Timbo ndogo ndogo za Kwale, kaunti ya pwani hii ya kusini, zinazolisha ujenzi wa leo hazikupata Haller wao. Nyingi huachwa zikiwa madimbwi ya mvua.

Kisha wakaja watalii. Kuanzia miaka ya 1960 hoteli za Diani na Mombasa zilileta mnunuzi wa aina mpya, asiyetaka simbi ndogo ya pete bali kombe kubwa la kuweka kabatini: simbi ya madoa yenye ukubwa wa ngumi, kombe la kidole lenye miguu kama buibui, na lile kubwa kama pembe ambalo watu wa mwambao walilipuliza likalia kama baragumu. Hayo hayazaliani kwa kasi ya simbi ndogo, na mengine hukaa kwenye maji ya kina, chini ya matumbawe ambayo mzamiaji huyapindua au kuyavunja ili ayafikie. Tena mnunuzi alitaka kombe lisilo na mkwaruzo. Kombe lililokufa lenyewe huwa limetobolewa na kupauka, kwa hiyo la kuuza lilipaswa kutolewa mnyama angali hai.

Kisite na Mpunguti, mbele ya Shimoni, zilitangazwa hifadhi ya bahari mwaka 1973, mipaka ikarekebishwa 1978. Ndani ya hifadhi ya taifa ya Kisite hakuna ruhusa ya kuvua wala kuokota hata kombe tupu. Diani na Chale zilitangazwa hifadhi mwaka 1995, lakini wavuvi waliona wanafungiwa uwanja wao bila kuulizwa, wakapinga, na tangazo likabaki karatasini. Ni vigumu kuwalaumu. Aliyetajirika kwa makombe makubwa hakuwa yule aliyezamia bila miwani.

Amri ya kutookota hata kombe tupu huwashangaza wageni wengi, nayo ndiyo yenye hekima kuliko zote. Yuko kaa mwenye tumbo laini asiye na gamba lake mwenyewe. Maisha yake yote huhama kutoka kombe moja hadi lingine kadiri anavyokua, na akikosa la kumtosha huwa chakula cha wengine. Matumbawe machanga hutafuta kitu kigumu cha kutua, na kombe lililotulia ni kiwanja chao. Makombe yakivunjikavunjika huwa mchanga. Mchanga mweupe wa Diani ambao wageni huvuka bahari kuja kuulalia ni vumbi la makombe, matumbawe na mwani wenye chokaa, ukiongezewa ule anaoutema pono baada ya kutafuna mwamba usiku na mchana — la, mchana tu, kwani usiku pono amelala usingizi wake uliokuwa methali.

Mfano ulio wazi kuliko wote haupo baharini. Upo Ziwa Tanganyika, ambako konokono aitwaye Neothauma ameacha vitanda vya makombe matupu chini ya maji, vingine vikienea mbali. Samaki wadogo kadhaa wa ziwa hilo huishi ndani ya makombe hayo, hutaga humo, hulea humo na kukimbilia humo adui akitokea. Katika aina moja dume hubeba makombe kwa mdomo na kuyakusanya ili majike wapate pa kutagia. Ondoa makombe matupu, na kijiji kizima cha samaki kimebomolewa bila samaki hata mmoja kuvuliwa.

Amerika ilijifunza hilo kwa gharama. Ziwa Pontchartrain, jirani na New Orleans, lilikuwa na sakafu ya makombe ya chaza wadogo, na kuanzia 1933 mashine ziliyachota kwa ajili ya barabara na saruji. Kila mashine ilipopita iliacha maji ya matope na sakafu laini kama uji, ambayo chaza wakubwa hawakuweza kuikalia. Wakapungua mpaka wakawa nadra. Uchotaji ulisimamishwa mwaka 1990, maji yakaanza kutakata na chaza wakubwa wakarudi taratibu. Ilichukua zaidi ya nusu karne kukubali kwamba kilichokuwa kikichotwa si kokoto.

Kwale ilifikiwa na mashine ya namna hiyo katika muongo uliopita. Mombasa ilikuwa ikijenga gati jipya la makontena juu ya ardhi iliyojazwa, likafunguliwa mwaka 2016, na reli ya kisasa ya kwenda Nairobi iliyozinduliwa mwaka 2017. Kazi kubwa kama hizo zina njaa ya mchanga, na macho yaligeukia bahari ya Waa na Tiwi. Meli ya kunyonya mchanga haina kidole cha kuchagua. Hushusha bomba lake, ikavuta mchanga pamoja na simbi, kaa, majani ya bahari na makombe matupu yote, kisha ikayarudisha maji machafu baharini. Vumbi hilo likitua juu ya tumbawe hulinyima mwanga, na tumbawe lisilopata mwanga hufa njaa. Wavuvi walilalamika kwamba maji yamechafuka na samaki wamehama, wenye hoteli wakahofia fukwe zao, kasa wanaotaga katika pwani hiyo wakatajwa, na mgogoro ukafika mbele ya mamlaka za mazingira.

Hofu ya fukwe haikuwa ya bure. Mchanga wa ufuoni na wa maji mafupi ni mmoja. Kusi huusukuma huku na kaskazi huurudisha kule. Shimo likichimbwa mahali, mawimbi hutafuta mchanga wa kulijaza, na wa karibu ni ule wa ufuo.

Lamu hali kama hiyo ilifika mahakamani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walioathiriwa na ujenzi wa bandari mpya walipwe shilingi bilioni 1.76. Ilikuwa mara ya nadra sakafu ya bahari kutajwa kwa bei. Bei hiyo ni ya samaki waliokosekana. Majani na makombe yaliyozolewa hayakuwa na wakili.

Watu wa bara la Kikoneni nao wameona ardhi ikichotwa kwa mashine. Jirani yao, mgodi wa Base Titanium ulifanya kazi tangu 2013 hadi mwishoni mwa 2024, ukiosha vilima vya mchanga wa kale kutoa madini ya titani. Mchanga huo nao uliwahi kuwa jirani wa bahari, enzi ambazo maji yalikuwa yamepanda juu zaidi. Mto Ramisi bado unaunganisha pande mbili hizo, ukipeleka kwenye ghuba ya Funzi chochote ambacho mashamba na vilima vimeachia.

Wasini, ng'ambo ya mlango wa maji kutoka Shimoni, wanawake walichagua njia yao. Nyuma ya kijiji kuna bustani ya matumbawe ya kale yaliyoachwa nchi kavu, yenye maumbo ya ajabu, na bamvua likijaa maji huingia kati yake na kuzunguka mikoko. Wameijengea daraja la mbao na mgeni hulipa kiingilio kutembea juu yake. Hapo matumbawe huingiza fedha kila siku bila kupunguzwa hata kipande. Upande wa bahari, kikundi cha wavuvi wa kisiwa hicho kimeshirikiana na watafiti kupandikiza vipande vya matumbawe hai kwenye mwamba uliovunjika, kwa mikono, kimoja kimoja.

Na bamvua likipwa, wanawake bado hutoka na mkonjo kutafuta pweza. Mwamba una matundu mengi, na asiyejua atachokoa yote bure. Anayejua hatazami tundu kwanza. Hutazama mbele yake, kwa maana pweza akishakula hutupa makombe mlangoni, na wakati mwingine huyapanga kuziba lango lake. Rundo dogo la makombe matupu, safi, yasiyoota ukungu, lina maana kwamba mwenyewe yumo ndani.